Yasinta Ngonyani na Mpira wa Shingoni

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Muuguzi Yasinta Ngonyani anastaafu tarehe 30 Juni. Alianzia wodi ya wazazi, ambako kwa hesabu zake mwenyewe alizalisha nusu ya watoto wa Ruhuwiko, kisha akahamia chumba chetu cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo.

Huko ndiko tulikomjua kuwa mwoga. Aliuogopa mpira. Mgonjwa ambaye hajatengenezewa mshipa mkononi husafishwa damu kupitia mpira unaoingia shingoni na kuishia karibu na moyo. Vijidudu vikipenya hapo, vimeshaingia kwenye damu. Ukiusogelea bila barakoa, Yasinta alikutoa nje hata ungekuwa bosi wake. Mganga mfawidhi anakumbuka.

Mwaka juzi Abdulhamid, mkulima wa korosho kutoka Tunduru, alianza kutetemeka akiwa kwenye mashine. Meno yaligongana, kitanda kikatikisika. Yasinta alisimamisha mashine, akachukua damu ya kupima, akampa dawa alizoagiza Daktari Kajetani. Homa haikushuka. Daktari akaamua mpira utolewe. Abdulhamid aliufunika kwa kiganja.

“Sista, wallahi huu ndio uhai wangu. Mkiutoa, damu yangu mtaisafishia wapi?”

“Bado sijui, Baba Zulfa. Hata mimi naogopa. Lakini mpira huu ukibaki humo, utakuua.”

Mkewe, Asma, alimsihi huku analia. Akakubali.

Zikafuata siku za kukaa bila mpira wala mashine, ili vijidudu viishe kwanza kwenye damu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Yasinta alimpimia maji kwa kikombe cha kahawa na kumnyang’anya ndizi walizoleta ndugu, maana kwa figo zilizokufa ndizi zinaweza kusimamisha moyo. Alipokwenda kunawa tulimsikia akisali kwa Kingoni.

Homa ikakatika. Akawekewa mpira mpya upande wa pili, na leo anasafishwa kwa mshipa wa mkono.

Bi Saada wa Majengo, naye mgonjwa wetu mwenye mpira shingoni, hatukumuwahi. Alihisi baridi nyumbani, akaona aibu kusumbua watu. Tangu msiba ule, Yasinta alianza kila zamu kwa kuuliza, “Nani alihisi baridi jana?”

Sasa anarudi kijijini Maposeni kwenye mahindi yake, nasi tunaogopa. Wiki ijayo mipira ile itafunguliwa na mikono mingine, nayo ni yetu.

Mama Ngonyani, asante sana. Tunakutakia afya, mavuno mema na usingizi mzito. Hofu tuachie sisi.