Jina la Tauno Kwenye Kombe: Wasifu wa Marehemu Ensio Hyttinen

Marehemu baba yetu, Ensio Hyttinen, alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 hapa Honkavirta, mtoto wa tatu wa Mzee Arvo, fundi wa kiwanda cha karatasi, na Mama Lempi. Alijifunza kuteleza juu ya ziwa lililoganda akiwa amevaa viatu vya kutelezea vya dada yake, na aliyemcheka alikiona cha moto.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, kisha chuo cha ufundi, akahitimu uchongaji wa vyuma mwaka 1973. Walimu walisema ana mkono mzuri na mdomo mbaya. Sisi wanawe tunathibitisha yote mawili.

Mwaka 1976 alisajiliwa na timu yetu ya magongo ya barafuni. Tarehe 16 Juni 1979 alimwoa mama yetu, Sirkka, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 1984, yeye akiwa nahodha, Honkavirta tulikuwa mabingwa wa ligi. Magazeti ya Helsinki yalikuwa yakituita mji unaonuka kiwanda. Tarehe 22 Machi, katika fainali, tuliinusisha timu yao vizuri, tatu kwa mbili, nyumbani kwetu. Lakini kipa wetu Tauno Pirskanen, aliyetubeba msimu mzima, alivunjika goti katika nusu fainali. Sheria ya chama cha mchezo huo ilisema jina linalochongwa kwenye kombe ni la aliyecheza fainali tu. Tauno akaachwa.

Desturi ni kila mchezaji kukaa na kombe siku moja. Zamu ya baba ilipofika, aliingia nalo kwenye banda la sauna, bafu letu la mvuke, na patasi zake. Mama alipoingia na kahawa alipiga kelele.

“We Ensio! Umelifanya nini kombe la watu?”

“Watu gani? Sisi ndio watu.”

“Na herufi zenyewe zimepinda!”

“Tauno naye si kapinda goti? Wanafanana.”

Chama kilimwita. Mwenyekiti akamwambia, “Bwana Hyttinen, utaomba radhi, na jina hilo litasuguliwa.”

“Sugueni,” baba akajibu. “Ila anzeni na langu. Bila Tauno tungerudi nyumbani mapema tukalala.”

Wachezaji wote wakasema hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Jina likabaki, baba akafungiwa mechi kumi. Zote kumi alikaa jukwaani amevaa jezi, akizomea. Alistaafu mwaka 1988, akarudi kwenye vyuma vyake. Hakuwahi kuomba radhi, na sisi tulijivunia hilo kuliko kombe.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Daktari alimkataza kutazama mechi. Muuguzi alipomkuta na redio sikioni alimwambia, “Mzee, zima hiyo.” Akamjibu, “Zima wewe, binti, kama hutaki kujua nani kashinda.” Binti yule alivuta kiti wakasikiliza pamoja. Baba alifariki katika hospitali ya mkoa tarehe 9 Januari 2024, mama akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Juzi chama kimetuletea shada la maua na barua. Kinasema kimemsamehe marehemu, na kwamba kombe litakapopelekwa kung’arishwa mwezi ujao, “kosa lile” litarekebishwa.

Shada tumelipokea. Msamaha tumeurudisha, maana hakuuomba. Na anayetaka kulisugua jina la Tauno, wachezaji wa 1984 wako hapa kanisani, safu ya pili. Apitie kwao kwanza.

Ameacha mjane, Sirkka, watoto, Outi ninayesoma haya, na Jarkko, wajukuu watatu, dada yake Helvi, mwenye vile viatu, na rafiki yake Tauno, ambaye leo amekataa kiti na amesimama kando ya jeneza kwa goti lile lile.

Pumzika kwa amani, Baba. Amani ni yako. Sisi bado tuna kazi.