Mama Nyongo na Ini Lililokataa Kusahau

Tunayemsindikiza leo, mama, bibi na dada yetu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alipozaliwa alilia kwa sauti iliyosikika nyumba ya pili, na tangu hapo hakuwahi kuipunguza.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni. Akiwa kidato cha tatu, kaka yake mkubwa alipewa dawa ya kifua. Kifua kilipona, lakini dawa iliharibu ini, akafariki. Msiba ule ulimkata maini. "Dawa ingejaribiwa kwanza kwenye ini lisilo mwilini mwa mtu," aliwaambia wazazi, nao wakadhani ni uchungu tu unaosema. Mwaka 1974 alihitimu shahada ya biolojia.

Februari 1976 aliajiriwa maabara kukuza seli za ini nje ya mwili. Seli hizo zilikuwa na ukaidi wake. Zikikaa kwenye kisahani siku chache tu, zilisahau kazi: nyongo hazitoi, ini limebaki jina. Kanuni ya maabara ilikuwa kuzisafisha mpaka isibaki seli ya aina nyingine. Alisafisha miaka kumi na miwili, nazo zikasahau vilevile. Wenzake walimshauri atafute kazi nyingine. "Nikichoka nitasema," aliwajibu.

Juni 1988 alisafisha vibaya. Zile seli za nyuzinyuzi zinazolishikilia ini zikabaki kisahanini. Mkuu wa maabara akasema, "Mwaga hicho, kimechafuka." Yeye, kwa ubishi wake tunaoujua sote, akakirudisha kwenye kabati la joto. Baada ya wiki sita alichungulia hadubini, akaona vijia vya nyongo vinang'aa katikati ya seli. "Kumbe tulikuwa tunazinyima majirani," alisema. "Nani atakumbuka yeye ni nani akiishi peke yake?"

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 12 Aprili 1980 na mwalimu wa hesabu. Siku ile alipoviona vijia alimpigia mumewe simu shuleni, neno la kwanza: "Nyongo!" Mume, akidhani ametumbukia nyongo, akaomba msamaha papo hapo kwa kuvunja birika, kosa ambalo mke hakuwa na habari nalo. "La birika tutaongea," akamwambia, "lakini zimetoa nyongo!" Ndipo akaitwa Mama Nyongo.

Mwaka 1993 visahani vyake viliigundua dawa mpya ya kifua kuwa sumu ya ini kabla mgonjwa yeyote hajaimeza. Ikaachwa. Jumapili iliyofuata alikwenda kwenye kaburi la kaka yake, akamwambia, "Safari hii tumeikamata."

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2019. Daktari aliposoma vipimo, alimkatiza: "Na ini?"

"Zima kabisa, mama."

"Basi hapo hamnipati."

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Oktoba 2022, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake wa kike, na kabati zima la visahani vinavyotaka kulishwa kila siku, msiba usiwe kisingizio. Leo asubuhi mzee, mume wa marehemu, alimvuta kando mwanafunzi wake aliyerithi kazi yake. "Nani amezilisha seli?"

"Mimi, baba. Zinatoa nyongo."

Mzee akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Pumzika kwa amani, Mama Nyongo. Zamu yako imepokelewa.