Loise Gathoni, Aliyewaosha Wafu Wetu

Mchungaji, mama mkwe wa dada yetu, bibi tunayemwita Cucu Wamboi, wazee wa mbari, wafanyakazi wa hospitali kutoka Thika, majirani wa Majengo, na ninyi watoto mliokwea ua wa watu, shukeni kwanza, hamjambo nyote. Mimi ni Warigia, mdogo wake marehemu, mwalimu, na nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake. Nitasoma kwa Kiswahili kwa sababu kati yetu leo wako Wakamba na Waislamu waliomjua kuliko baadhi yetu wa damu, na sitaki mtu aondoke hapa akisema hakuelewa.

Dada yetu Loise Gathoni alizaliwa tarehe 9 Juni 1918 hapa Ruiru, ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa pili wa mzee Bedan. Alianza shule ya misheni mwaka 1927, akiwa mkubwa kidogo kwa kuwa baba alitaka kwanza mbuzi wapate mchungaji mwingine, akamaliza mwaka 1934, na mwaka uliofuata akaingia mafunzo ya uuguzi, msichana pekee wa kijiji chetu, huku watu wakimwambia mama kwamba amempoteza mtoto.

Tarehe 1 Februari 1938 aliandikwa kazi katika hospitali ya Thika, na hapa ndipo shemeji yetu Ephantus, ndugu ya mume wa dada yangu, aliniomba jana, kwa upole, niseme tu kwamba alikuwa nesi mwenye bidii kisha niruke niende kwa ndoa. Samahani shemeji, siruki. Dada yangu alitibu walio hai, na mgonjwa alipokata roho, yeye ndiye aliyemfumba macho, akamwosha, akamchana nywele, akamfunga shuka safi, na sisi Wakikuyu tunajua wenyewe tulivyolelewa, kwamba kugusa maiti ni kujitia unajisi ule tunaouita thahu, kwamba mtu akifia nyumbani nyumba ile inahamwa, na kwamba aliyemgusa hatagusa chakula cha watu mpaka achinjiwe kondoo atakaswe. Loise alijua hayo yote, na asubuhi yake alirudi wodini.

Alifunga ndoa kanisani tarehe 16 Desemba 1939 na Philip Gathogo, karani wa stesheni ya Ruiru, mtu mpole ambaye hakuwahi kumwambia achague kati ya kofia yake ya unesi na nyumba yake. Mbari, ukoo wa mumewe, ndiyo iliyomwambia. Waliletwa wazee, na kondoo pia, Loise akaelezwa atakaswe na aache kazi ile, naye akawajibu kwa heshima kwamba kondoo ni mnono na wamle tu, lakini kesho yuko zamu, na kesho kutwa pia, hivyo wahesabu wenyewe kama kondoo wa Ruiru watatosha. Ai! Wazee walikasirika, lakini kondoo yule walimla wao. Tangu siku hiyo Cucu Wamboi hakuonja uji wa mkono wa Loise, na anayebisha amuulize mwenyewe, ameketi hapa mbele na amenipa ruhusa ya kusema.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Muigai mwaka 1940, Wamboi, wa jina la Cucu, mwaka 1943, na Bedan mwaka 1947, wote aliwalea katika chumba cha kupanga karibu na Majengo, Thika, mlango wa pili kutoka kwa Salehe na mkewe Kulthum. Kwa Kulthum dada yangu aliona jambo lililomtuliza moyo, kwamba kwa watu wale kumwosha maiti ni heshima ya mwisho unayompa mwenzako, na haifanywi mbiombio. Aliniambia siku moja kwamba alilia aliposikia hivyo, kwa sababu kwa miaka mingi alidhani yeye peke yake ndiye anayefikiri hivyo.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, tukaondolewa mashambani, tukarundikwa kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, na Aprili 1954 Philip akachukuliwa kizuizini. Mwezi wa Mei 1955 homa ya matumbo ikaingia kijijini. Tulikuwa wengi hapa, msijifanye mmesahau! Watu walikufa, na jamaa zao walisimama nje ya mlango wakitazamana, mpaka Loise afike kutoka Thika na pasi yake ya ruhusa ya kusafiri siku yake ya mapumziko, akunje mikono ya gauni, aingie. Aliwaosha baba zenu na watoto wenu. Cucu Wamboi alipougua, wanawe walihama nyumba, Loise akahamia ndani, na kwa wiki tatu alimlisha uji kwa kijiko, uji ule ule. Cucu akaunywa, akapona, na alipopata nguvu akaomba kikombe kingine.

Philip alirudi mwaka 1957 na kifua kibovu, akafariki tarehe 20 Februari 1958. Mkewe alimwosha kwa mikono yake, huku ndugu za Philip wakitazama kutoka nje ya ua.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1959 Loise alianza kuumwa na tumbo, akaendelea na zamu hadi Julai aliposhindwa kusimama, na madaktari wakatuambia ni kansa. Nasema kansa kwa sauti kubwa, kwa kuwa kuna wanaonong'ona kwamba ni wale wafu aliowagusa. Angekula kondoo wote wa Kiambu, kansa ingemuua vile vile. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Oktoba, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Shukrani ya punda ni mateke, wazee walisema, na wiki hii tumepigwa. Tuliambiwa azikwe huko huko Thika, asiletwe hapa kando ya mumewe, na tuliposema atakuja, tukaambiwa basi hakuna wa kumwosha, wala hakuna mwana wa mbari atakayeshika jeneza. Aliyewaosha wote akose wa kumwosha! Nililia kwa hasira. Lakini Alhamisi asubuhi Cucu Wamboi, na umri ule, alifika Thika, akavua leso ya mabega, akaomba beseni. Kulthum alichota maji akitukumbusha tusiharakishe, mimi nikashika sabuni, na Cucu akamwosha mkaza mwanawe kutoka kichwa hadi miguu, kisha akasema kaburi lichimbwe ubavuni mwa Philip, mahali alipokuwa amejiwekea yeye mwenyewe. Limechimbwa, mnaliona.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Thika, majirani wa Majengo waliotupikia, Kulthum na Salehe, na Kisilu, mbeba wagonjwa, aliyefanya kazi na dada yangu miaka kumi na moja na ambaye amechimba kaburi hili tangu alfajiri, yeye Mkamba, katika shamba la Wakikuyu.

Jeneza linashikwa na watu sita. Nyuma atashika Kisilu na mwenzake wa wodi, katikati Salehe na Muigai. Mbele nimeacha nafasi mbili, ni za Ephantus na ndugu yake, kwa kuwa ni haki yao, na Loise hakuwahi kumnyima mtu haki yake. Nakunja karatasi hii sasa. Nikimaliza kuikunja kama nafasi bado zi wazi, upande mmoja atashika Cucu Wamboi na mwingine nitashika mimi, na aogopaye thahu asogee tupite.

Lala kwa amani, Loise, dada yangu, umeoshwa vizuri. Kisilu, inueni.