Arusyak Mnoyan na Barua ya Leninakan

Marehemu Dkt. Arusyak Mnoyan alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 mjini Ashtarak, mtoto wa pili wa mzee Tsolak, mkulima wa zabibu, na mama Vardanush. Akiwa na miaka minane aliwekwa juu ya paa kulinda aprikoti zilizoanikwa. Ndege walizimaliza huku yeye ameukodolea macho mwezi wa mchana. Baba yake alipanda, akatazama mikeka mitupu, akamwuliza tu kama mwezi nao umeliwa.

Alisoma Ashtarak, kisha Chuo Kikuu cha Yerevan, 1963 hadi 1968. Mwaka huohuo aliajiriwa katika kituo cha kutazamia nyota cha Byurakan, akadumu hapo miaka arobaini na mitatu. Alichunguza nyota hafifu ambazo hung'aa ghafla kwa dakika chache, kisha hufifia. Aligundua kumi na saba, akipitia picha za anga zilizopigwa kwenye vioo, moja moja, kwa lenzi ya mkononi.

Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa na Gurgen, mwashi wa mawe. Walijaliwa Hrachya, 1971, na Nvard, 1979.

Nvard hakufikisha miaka kumi. Novemba 1988 alipelekwa Leninakan kwa bibi yake Satenik, mama wa Gurgen, aliyekuwa mwalimu. Tarehe 7 Desemba, kabla ya adhuhuri, ardhi ilitetemeka, shule alikofundisha bibi ikawaangukia wote wawili. Watu waliambiwa kwamba bibi ndiye aliyemwita mjukuu. Tangu hapo, kila ilipofika saa ile, Arusyak aliacha alichoshika akatega sikio, na hata akiitwa hakuitika. Mezani aliendelea kukata mkate vipande vinne, miaka nenda miaka rudi.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Oktoba aliwaita mumewe na mwanawe kitandani.

"Gurgen, mama yako hakumwita mtoto," alisema. "Nilimpeleka mimi. Nilikuwa na ripoti ya kumaliza. Nvard akaniambia, 'Mama, nitakaa kimya, hutanisikia.' Nikamfungia begi."

Mzee Gurgen alimpangusa uso.

"Najua, Arus. Mama aliniandikia. Barua ilifika siku tatu baada ya kuwazika. Aliandika, 'Mwambie mkeo afanye kazi yake kwa raha, mtoto hajambo.'"

"Miaka yote hii. Mbona hukusema?"

"Niliogopa ukijua kwamba najua, utaondoka."

Arusyak alimshika mkono hadi usingizi ukamchukua. Asubuhi yake aliagiza jambo hili lisomwe kaburini kama lilivyo, lisipambwe.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2023, nyumbani Byurakan. Ameacha mume, mwana mmoja Hrachya, mkwe Zaruhi, wajukuu wawili na dada yake Haykush. Kwa wosia wake hakuzikwa Byurakan. Ameletwa hapa Gyumri, Leninakan ya siku zile, alazwe kati ya Nvard na bibi yake.

Udongo uwe mwepesi juu yao watatu, naye apumzike kwa amani.