Mashavu Niliyowaonyesha

Ndugu zangu, mama zangu wa kikundi chetu cha nyuki, amani ya Bwana iwakute hapo mlipokaa. Kila niliposimama hapa mbele nilikuja kufundisha. Leo nimekuja kuungama, na naomba mnivumilie, maana mdomo huu mnaoujua kwa maneno mengi umekauka.

Mnakumbuka tulipoletewa mizinga ya mbao na zile nyavu za mlangoni. Nyuki anapita kwa kujibana, na chavua aliyobeba miguuni inadondoka kwenye kisanduku. Wazee wetu hapa Makere walikuwa wakiikuta kwenye sega wanaitema kwa uchungu wake. Sisi tukafundishwa kwamba ni chakula: ina protini, ina vitamini, ina madini, na ukiipima sawa kwa sawa na maharage makavu, protini zao zinakaribiana. Ni kweli kabisa, sikudanganywa. Ila mimi nilisikia nusu nikakimbia nayo.

Wakati huo mtoto wangu wa tatu, wa kike, alikuwa na mwaka na miezi minne, nami nilikuwa nimeshika mimba nyingine. Nikamwachisha ziwa. Mimba ile ilinitesa. Dagaa wakikaangwa natapika, maharage yakichemka natoka nje. Nikajiambia, kwani kuna shida gani, si nina chavua? Nikawa nampa uji wa muhogo asubuhi, uji wa muhogo jioni, na kijiko kimoja cha chai cha chavua juu yake. Basi. Na nawaambia bila kuficha, gunia la maharage lilisimama kwenye kona ya chumba hicho hicho alicholala. Kasulu hii, nchi ya maharage.

Baada ya miezi michache mashavu yake yakajaa. Nikamleta hapa, nikamwinua mbele yenu nikasema, "Tazameni mashavu, hiyo ndiyo kazi ya chavua." Mkapiga makofi. Mama mmoja akamshika mkono akauliza mbona mtoto ametulia hivi, hachezi? Nikamjibu, "Aliyeshiba ana haja gani ya kuhangaika?" Mama huyo yumo humu ndani, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja.

Kisha nywele zikaanza kuwa nyekundu, nyepesi, zinang'oka nikimsuka. Ngozi ya miguu ikabanduka. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba tumembemenda, kwamba mimi na mume wangu hatukuweza kusubiri, tukalala pamoja mtoto angali ananyonya, ndipo tukamharibu. Mnajua aibu ya neno hilo. Kwa aibu hiyo nikaacha kumpeleka kliniki, maana nilijua kila mama kwenye benchi angetazama tumbo langu, kisha amtazame mtoto. Nikaongeza chavua, vikawa vijiko viwili. Akaanza kuharisha. Mtu akija nasema amelala.

Mama mkwe wangu, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi bila kitu mkononi, alikuja akamwona. Akasema, "Mkwe wangu, umwana huyu anazimika. Njaa naijua, nimekua nayo." Nikamkasirikia. Njaa? Nyumbani kwa mwalimu wa chakula?

Ndugu zangu, hili sijawahi kulisema. Siku moja mchana nilikaa kando ya mtoto wangu, nikaomba Mungu amchukue upesi, ili watu waache kumtazama. Mimi, mama yake. Nilikuwa nimefika mahali ambapo aibu yangu ilikuwa nzito kuliko uhai wake.

Kesho yake mama mkwe hakuniuliza tena. Alimfunga mgongoni akashika njia ya zahanati. Nikamfuata nyuma na kopo langu la chavua, ili niwe na ushahidi.

Muuguzi akauliza mtoto anakula nini. Nikaweka kopo mezani. Hakunicheka. Alibonyeza dole gumba juu ya mguu wa mtoto, karibu na vidole, akaliondoa, na shimo likabaki pale pale. Akasema, "Huku si kunenepa, mama. Ni maji. Amevimba kwa utapiamlo."

Nikabisha, niwafiche nini. Nikamwambia chavua ina kila kitu.

"Ni chakula kizuri, hakuna anayekataa," akasema. "Lakini kijiko ni kijiko. Vijiko vinne vya hiki havifikii protini ya yai moja, na mtoto huwezi kumlisha chavua kwa bakuli. Nyumbani hakuna hata maharage?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu: "Gunia zima, mwanangu."

Tukapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Alipewa maziwa ya dawa kwa kikombe, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Uvimbe ulipotoka ndipo nikamwona mtoto wangu alivyo kweli, mifupa na ngozi. Kwenye kitanda cha pili mtoto mwenzake alifariki, na mama yake alinipa kanga aliyokuwa akimfunikia. Siku nyingi wangu hakulia wala hakunitazama. Kisha asubuhi moja nilipoondoa kikombe, alikikamata, akapiga kelele. Nikaogopa. Muuguzi wa wodini akasema, "Mwache alie, anataka chakula." Nikakaa sakafuni, nikalia naye.

Yu hai. Alichelewa kutembea, bado ni mdogo kuliko wenzake. Namshukuru Mungu, namshukuru mama mkwe ambaye hakuomba ruhusa yangu, yule muuguzi wa zahanati, na yule mama wa kanga ambaye hata jina sikumuuliza. Chavua bado naivuna na bado naila. Lakini mtoto ale maharage yaliyopondwa, dagaa, yai likipatikana, na chavua ije juu ya hivyo, kwa yule isiyemdhuru. Isikae mahali pa chungu.

Sasa sikieni. Kijiko kile niliwafundisha mimi, na mlinipigia makofi. Kama kuna mama ambaye mtoto wake amejaa mashavu na ametulia sana, asinyooshe mkono. Najua aibu hiyo. Tukishasali nitasimama pale mlangoni. Apite tu aniguse bega, nitamfuata hadi kwake, na mtoto nitambeba mimi hadi zahanati.