Kumuaga Mzee Silima, Mwonja Biri wa Tibirinzi

Mheshimiwa Mudiri, Shehe wetu Kadhi, Bwana Suud bin Humoud mwenye karakana hii, wazee mliotoka Msuka na Vitongoji, mama zangu mliokaa barazani, ndugu wageni waalikwa nyote: assalaam alaykum.

Mimi ni Time binti Silima, mwalimu wa skuli ya wasichana. Nimepewa heshima ya kumuaga baba yangu kazini. Lakini kwanza naona mlivyokaa. Wa chama hiki wako dirishani, wa chama kile wako mlangoni, na katikati mmeacha njia ambayo hata paka angeona haya kuipita. Hakuna aliyewapangia viti. Mmejipanga wenyewe, kama mnavyojipanga madukani, mazikoni na, Mungu atusamehe, msikitini. Uchaguzi mwingine unakuja. Nani kati yetu amelala vizuri mwezi huu?

Kwa wageni wasioijua kazi ya baba, biri ni ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, isiyo karatasi. Bwana Suud huzisokotesha hapa Tibirinzi, lakini kwa kuwa madhehebu yake yanakataza tumbaku, hajapata kutia hata moja mdomoni. Alihitaji mtu wa kumwambia ukweli wa kitu asichoweza kukionja. Akamchukua Silima Ngwali, mtoto wa mkulima, na tangu hapo hakuna sanduku lililotoka kabla baba hajavuta na kusema neno lake.

Huibonyeza kwanza, taratibu, akitafuta palipo tupu. Huinusa. Huvuta hewa ndani yake ikiwa bado baridi. Kisha huiwasha bila haraka, moshi haumezi, huuzungusha mdomoni akautoa, halafu huingoja ladha mpaka watu wakachoka. Tangu utotoni nimemsikia akisema kwamba biri kali na biri nzito si kitu kimoja. Kali hukupiga kooni ikaondoka. Nzito huujaza mdomo, ikaja na ladha ya mkate uliobabuka, ya kahawa, ya ngozi, na hata ukiizima ladha ile hubaki. Mwanzo wa biri kila mtu huweza kuusifu. Yeye huhukumu kuanzia katikati, joto linapozidi na kasoro ya jani kujitokeza.

Sasa nitasema jambo ambalo wengi wenu mmelisema kwa kunong'ona.

Baada ya uchaguzi uliopita, mume wangu Mmanga Jecha na wakulima wenzake wa Msuka walikataa kumuuzia Bwana Suud majani, kwa kuwa ni mtu wa chama kingine. Yeye akanunua majani Vitongoji; wao wakajenga banda lao, wakasokota biri zao. Punde akaja mfanyabiashara wa Mombasa akitafuta biri nzito ya kuwauzia abiria wa meli, naye alitaka kununua pahala pamoja tu. Pande mbili zisizokubaliana hata juu ya mvua zilikubaliana hakimu awe Silima. Bwana Suud alimtaka kwa kuwa ni mtu wake wa kazi. Mmanga alimtaka kwa kuwa ni mkwewe, na wa chama chake. Je, kuna aliyemtaka kwa sababu anajua kuonja?

Ilikuwa humu humu, baada ya sala ya alasiri. Nje watu walikuwa na fimbo. Mfanyabiashara alizivua biri mbili vikaratasi vyenye alama ya waliozisokota, baba asizijue, akampa moja. Aliivuta mpaka ikapita nusu, akanywa maji, akatafuna mkate mkavu, akapumzika. Akaivuta ya pili. Sisi tulikuwa tukiyatazama majivu kama watu wanaosomewa hukumu ya kifo.

"Hii ya kwanza ni kali," alisema. "Watu wataiita nzito kwa sababu itawatoa machozi. Lakini ikipita nusu inakuwa chungu, na uchungu wake una harufu ya jani bichi. Hii ya pili ndiyo nzito. Chukua ya pili."

Ya pili ilikuwa ya Bwana Suud.

Mmanga alisimama. "Baba, umetuuza."

"Nimevuta, mwanangu," baba akamjibu. "Sikupiga kura."

Mnayajua yaliyofuata, kwa sababu mliyafanya nyinyi. Msikitini nafasi ya ubavuni mwake ilibaki tupu. Mimi nilikatazwa na mume wangu kukanyaga kwake, na mwanangu alipozaliwa, baba alipata habari kwa muuza samaki. Mama alimsihi, "Sema ulikuwa na mafua." Akasema, "Sikuwa na mafua." Wa chama cha Bwana Suud nao walikuja mlangoni na ngoma kumshangilia, akawafungia mlango. Bwana Suud alimletea kanzu mpya. Baba aliikunja vizuri akamrudishia: "Bwana, nikiivaa hii, nani ataniamini tena?" Bwana Suud, nakushukuru kwa kuwa uliichukua bila kukasirika.

Kisha siku moja baba alipanda gari la abiria mpaka Msuka. Hakuja nyumbani kwangu kwanza. Alikwenda bandani, watu wakamgeuzia migongo, akamwendea Mmanga aliyekuwa akifunga majani.

"Majani yako yanayashinda ya Suud," alimwambia. "Lakini mliyatoa kwenye rundo kabla hayajamaliza kutoa jasho na kuiva. Mlikuwa na haraka ya kumshinda mtu, na jani halimjui mtu huyo."

Mmanga aliendelea kufunga. Mwishowe akauliza, "Yakae mpaka lini?"

"Mpaka harufu ya ubichi iishe. Utaitambua weye mwenyewe ukiacha kumfikiria Suud."

 Nami niliposikia baba amefika nilimfuata, nikasimama kizingitini pa banda, ndipo mume wangu aliponigeukia: "Mlete mtoto amwone babu yake."

Ndugu wageni waalikwa, msimu uliofuata mfanyabiashara yule alinunua kwa Suud na kwa Msuka, baba akizionja biri za pande zote mbili. Sasa daktari amemkataza baba moshi, na kila upande umekuja na jina la mtu wake wa kushika nafasi yake. Baba amekataa kuchagua mmoja. Amesema wawe wawili: Mmanga, na Msellem mpwa wa Bwana Suud, ambaye katika tumbaku hamfuati mjomba wake. Wafungiwe chumba kimoja, wavute kutoka masanduku ya pande zote, wasitoke mpaka wawe na jibu moja.

Mara ya kwanza walitoka wamekasirika, bila jibu. Mara ya pili vivyo hivyo, na nilisikia watu wakifurahi, jambo lililoniuma kuliko hasira yao.

Baba, nenda ukapumzike. Sisi hatuna raha hiyo bado. Wote mlionipa masikio yenu, Mungu awalipe kheri, na mniruhusu nimalize na habari ya jana. Jana Mmanga na Msellem waliingia tena. Walipotoka walisema sanduku la Suud lisubiri, na la Msuka nalo lisubiri, majani ya yote mawili bado mabichi. Hawakupeana mikono, na kila mmoja alikwenda njia yake. Lakini jibu lilikuwa moja.