Karatasi ya Ukingo Mweusi

"Nedelka, nani kafariki pale sekondari?" jirani alimuuliza asubuhi, maana alikuwa ameona langoni mwa shule hiyo karatasi yenye ukingo mweusi, kama tanzia zinazobandikwa milangoni kote hapa mjini Plovdiv.

Nedelka, ambaye ni mjane, alipanda basi akimwombea kwa sauti mwalimu wa bintiye pale sekondari, akihofia kwamba karatasi ile ni ya kifo cha mwalimu huyo, aliyekuwa akisumbuliwa na moyo. Mwanamke wa kiti cha pili akamsikia, akacheka.

"Hajafa mtu, mama! Yale ni malengo ya shule na masomo mapya, wazazi wayasome."

Nedelka akapiga ishara ya msalaba, akashusha pumzi. "Mungu ashukuriwe! Lakini ni nani huyo, jamani, anayeyavisha malengo ya watoto nguo za msiba?"

Uso wa mwanamke ukawa mwekundu kwa aibu. Basi liliposimama shuleni, alichomoa kalamu ya kijani mkobani, akashuka, akaelekea langoni kwenye ile karatasi aliyoibandika mwenyewe.